Salamu za Bwana Mratibu

Siku ya kwanza ya mafunzo ya Git, programu ya kutunza mabadiliko ya kazi za kompyuta, pale Kibiti iliisha bila mtu kugusa kompyuta. Walijitambulisha, wakamsubiri mgeni rasmi, wakanywa chai, wakamsubiri tena. Alipofika akahutubia juu ya uzalendo mpaka wali ukapoa. Zaitun, aliyetoka Ikwiriri kwa basi la alfajiri, alirudi na kalamu, daftari na kofia yenye nembo ya mradi wa tahadhari za mafuriko.

Siku ya pili ndipo mwalimu, kijana mpole kutoka Dar aitwaye Abdulrazaq, alipopata nafasi ya kusema. Akaeleza vizuri. Ukiandika git add, unachagua mabadiliko unayotaka kuyatunza. Ukiandika git commit, yanatunzwa pamoja na jina lako, saa, na maneno machache ya kueleza ulichofanya. Git push huyapeleka kwenye hifadhi ya wote, na git log huonyesha kila kitu tangu siku ya kwanza: nani, lini, nini.

"Kwa hiyo hiyo commit ni kama barua ya ofisi," alisema Bwana Haidari, mratibu wa mradi na mkubwa wake Zaitun.

"Tuseme hivyo, mheshimiwa."

"Na barua ya ofisi hutoka kwa jina la nani? La mkuu wa ofisi."

Abdulrazaq akajaribu kueleza kwamba huku kila mtu huweka jina lake, ili kosa likitokea lijulikane lilipoanzia. Haidari akamwambia kwa upole kwamba nidhamu ya ofisi haifundishwi na kompyuta. Kesho yake mashine zote za mradi zikawekewa jina moja, la kwake.

Mashine zote zilikuwa mbili, na mwandishi wa programu alikuwa mmoja. Zaitun peke yake ndiye aliyetengeneza mfumo ule: vipimo vya kina cha mto vinaingia, na meseji za tahadhari zinakwenda kwenye simu za wakulima wa bondeni, kuanzia Chumbi hadi Mbwara. Haidari alichojua kwenye kompyuta ni kuiwasha na kumwita Zaitun. Lakini mkataba wa Zaitun ulikuwa unaisha mwezi wa sita, na wafadhili walikwishasema wataongeza mkataba wa yule tu ambaye kazi yake inaonekana kwenye kumbukumbu. Iliyokuwa inaonekana ni kazi ya Haidari. Zaitun alikasirika, lakini hakulalamika, maana mwenye kusaini barua ya kumwombea mkataba alikuwa Haidari huyohuyo.

Basi akawa anafanya kazi na kujifuta. Hata maelezo ya commit yalitakiwa yafuate utaratibu: "Yahusu: kurekebisha kosa la tarehe. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Wageni wakifika, Haidari humwita Zaitun aifungue git log, kisha mwenyewe huishusha taratibu kwa kidole. Haidari, Haidari, Haidari, kurasa nzima. "Jana peke yake mara tisa," husema. "Mimi sichoki."

Mwezi wa nne, masika yamekolea, akaja na wazo. Meseji za mfumo, alisema, hazina adabu. Zinaanza na maji moja kwa moja. Nani anamwendea mtu na habari za maji kabla ya kumsalimu?

"Bwana Mratibu, meseji moja ina herufi mia na sitini," Zaitun akamwambia. "Zikizidi, mfumo unakata mwisho."

"Basi salamu ziwe mwanzo, zisikatwe."

Zaitun akamwangalia kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Zaitun akafikiria mwezi wa sita, akaandika alichoagizwa, akapiga git add, git commit, git push. Ilimchukua dakika tatu. Usingizi wa siku zile ulimpotea.

Wiki iliyofuata mto ukapanda. Mwanamina, mkulima wa Chumbi, alikuwa amevuna mahindi magunia kumi na moja na kuyaweka chini ya dungu lake, kile kibanda cha nguzo ndefu cha kulindia shamba. Simu ikalia. Akasoma salamu, akafurahi kukumbukwa na wakubwa, akairudisha simu mfukoni. Maji yalifika kesho yake asubuhi na kuondoka na magunia yote.

Wafadhili wakamtuma Bi Warda, mkaguzi, na kikao kikaitishwa ofisini Ikwiriri, wakulima wakiwamo. Mwanamina alisimama wa kwanza.

"Mie n'lipata meseji. Lakini maji siyaoni humu." Akampa Bi Warda simu, naye akasoma kwa sauti:

"Assalamu alaikum. Ofisi ya Mratibu, Ndugu Haidari, ikishirikiana na wadau wote wa maendeleo, inapenda kuchukua fursa hii adhimu kukusalimu na kukuarifu kuwa mto"

Watu wakangoja. Hakukuwa na zaidi.

"Kuwa mto nini?" akauliza Bi Warda. Akaivuta kompyuta, akaandika git log. "Mabadiliko haya yamefanywa na Haidari. Na haya. Naona yote ni yako, Bwana Mratibu."

Haidari akafuta jasho. Kwa mara ya kwanza tangu mafunzo, hakulipenda jina lake. "Hapana, mama. Hilo ni jina la ofisi tu. Mimi hata kuandika programu sijui. Kazi yote ni ya binti huyu, tangu mstari wa kwanza. Muulizeni."

Macho yote yakamgeukia Zaitun. Angeweza kukana, na kumbukumbu ingemlinda: jina lake halikuwemo popote. Akamtazama Mwanamina, kanga yake ingali na tope la bondeni.

"Kweli," akasema. "Kazi yote ni yangu. Na salamu niliziweka mimi kwa mikono hii, nikijua zitakata habari ya mto. Niliagizwa, nikaogopa kukosa mkataba, nikatii. Mama Mwanamina, nisamehe."

Bi Warda akaandika. "Uliagizwa na nani?"

Kabla Zaitun hajafungua kinywa, Mwanamina alikwishaichukua simu yake, akaiinua kila mtu aone.

"Unamuuliza mtoto wa watu bure. Mwenyewe si huyu hapa, kajiandika kwenye salamu."

Haidari akaomba sentensi hiyo isiingie kwenye muhtasari wa kikao. Bi Warda akamuuliza kama ombi hilo aliandike kwa jina lake au la ofisi.