Shamba Lililolipwa Lipumzike

Miaka kumi serikali ilimlipa Alvin Sedlacek asilime, ili ardhi ipumzike. Kila Oktoba ruzuku iliingia, nusu yake, nusu ya mdogo wake Milo, kwa kuwa shamba la kilimani lilikuwa la wote wawili. Nyasi ziliota palipokuwa na ngano, na udongo ukaacha kupeperuka. Milo hela alipokea, ila siku walipotoa trekta shambani mara ya mwisho alisema, "Baba angekuona leo angekukana," na tangu hapo hawakusemezana, ingawa walisali kanisa moja.

Sasa mkataba umekwisha. Katika ofisi ya kilimo ya kaunti, karani Darla alimsogezea Alvin fomu ya kuurefusha.

"Saini mbili, mzee Alvin. Yako na ya Milo."

"Si umtumie kwa posta?"

"Nimetuma mara mbili, bahasha zimerudi hazijafunguliwa. Ndugu yako ana kichwa kigumu."

"Tulirithi kimoja, tukagawana."

Darla alicheka. Pembeni yake yalikuwapo maboksi ya picha kubwa zilizopigwa kutoka kwenye ndege, ambazo makarani wa zamani walizitumia kupimia mashamba. Kompyuta zilikuwa zimechukua kazi hiyo. Akachomoa moja. "Hii ya kwenu, mwaka sitini na mbili. Chukua, kesho zinakwenda jalalani."

Alvin aliitazama akiwa ndani ya gari lake. Nyumba ilikuwapo, na ghala ambalo baadaye liliungua, na mistari ya mipopla, miti ya kukinga upepo, ambayo sasa ni visiki. Katikati ya shamba la kilimani, trekta dogo kama punje. Hakurudi nyumbani, alikwenda kwa Milo.

Milo alifungua mlango akiwa na soksi tu. "Umepotea njia?"

"Nimeleta picha."

Wakaitandaza juu ya meza ya jikoni, fomu ya Darla ikiwa pembeni. Milo akaleta kioo cha kukuzia.

"Huyu kwenye trekta ni mimi," akasema.

"Wewe? Miguu yako ilikuwa haifiki kwenye kanyagio. Huyo ni mimi."

"Ungekuwa wewe, mistari isingenyooka hivi."

Alvin akacheka mpaka akakohoa. Kidole cha Milo kikahamia nyuma ya nyumba, kwenye vidoa vyeupe vilivyopangana.

"Mashuka ya mama," Milo akasema.

"Tukilima tu, vumbi linayafuata."

"Anayafua tena. Halalamiki, anaimba kwa Kicheki, lugha ya kwao, kwa sauti kubwa ili tusikie."

Milo akaweka kioo chini.

"Baba aliniambia kile kilima hakikufaa kulimwa. Mwaka ule alipougua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilipenda kulima pale, Alvin. Basi. Nilipenda."

Alvin akammiminia Milo kahawa kwenye kikombe cha Milo mwenyewe, kama mwenyeji ni yeye. Milo akavuta fomu, akasaini, akatafuta viatu.

"Nipeleke kilimani nikaone."

Walisimama kwenye uzio, nyasi zikiwafika kiunoni na upepo ukizilaza upande mmoja. Ndege wa kifua cha manjano akaruka, akatua mbele. Milo alikata bua, akalitafuna.

"Hapa ndipo nilipogeuzia trekta," akasema.

Alvin aliinua waya wa seng'enge kwa mikono miwili, na mdogo wake akainama, akapita.