Kizingiti cha Chemba ya Hathersby

Akina mama wenzangu mnaolea watoto kwenye mashua, someni haya kabla hamjashuka tena chemba yoyote ya mfereji. Na kama mtoto ndiye anayeshika usukani, msomee kwa sauti, hata akikunja uso.

Kizingiti mnakijua. Chemba ni sanduku la mawe tu, lango juu na lango chini, maji yanajazwa au yanatolewa ili mashua ipande au ishuke; kizingiti ni lile jiwe chini ya lango la juu. Maji yakijaa hulioni, na usichokiona unakisahau. Maji yakitolewa ili mashua ishuke, jiwe linachomoza nyuma yako kimya kimya, limejaa ukoga. Ndiyo maana ukutani pamechorwa mstari mweupe. Tezi, yaani nyuma ya mashua, isirudi ikapita mstari ule, basi. Onyo langu ndilo hilo, ila onyo tupu haliingii kichwani, kwa hiyo nitawaeleza yaliyotupata.

Binti yetu Bryony amepata mashua yake mwenyewe. Ni ndogo, imechakaa, ilikuwa imefungwa Hathersby, chini kabisa ya ule mlolongo wa chemba. Alitaka kuishi humo peke yake. Mimi nikakataa. Baba yake, Clem, alikubali siku ile ile, lakini Clem hukubali kila kitu akiwa anakula. Tulibishana majira yote ya baridi, mpaka nikasema: haya, utushushe wewe mlolongo mzima wa Hathersby. Mimi nitakuwa nchi kavu na malango, baba yako asiguse kitu. Ukitufikisha chini salama, chukua mashua yako. Ukishindwa, utakaa nasi mwaka mwingine.

"Hata chai nisiguse?" Clem akauliza. Alikuwa ametoka kupasuliwa goti, ameketi mbele karibu na jiko la makaa, mguu juu ya kigoda.

"Chai gusa. Usukani ndio usiguse."

Chemba za kwanza alizishusha vizuri, sina budi kusema. Mimi nilitangulia kwa miguu, hendeli ya kufungulia maji nimeichomeka kiunoni, naandaa chemba inayofuata, na kila nikigeuka naiona mashua inaingia katikati ya kuta bila kugusa huku wala huku. Nilikuwa nafurahi na kununa kwa pamoja.

Chemba ya katikati iko kando ya baa, na pale watu hukaa na bia zao wakitutazama kama sinema. Nilifunga lango la juu nyuma ya mashua, nikaenda lango la chini, nikazungusha hendeli kupandisha vizibo, vile vibao vinavyoziba matundu ya maji langoni. Maji yakaanza kutoka. Mkondo ukaivuta mashua mbele, Bryony akatia gia ya nyuma kidogo isije ikagonga lango. Hapo hajakosea. Sote hufanya hivyo, kisha tunaitoa gia.

Bwana mmoja mwenye mbwa akainama ukingoni. "Samahani, dada. Hivi humo ndani hamgandi wakati wa baridi?"

Swali hilo mnalijua. Bryony ana adabu, nimemlea hivyo, akageuka amjibu. "Tuna jiko. Siku nyingine tunafungua madirisha, joto linazidi."

"Na choo je?"

"Choo tunacho, bwana. Hatuendi vichakani."

Watu wa baa wakacheka, naye akacheka. Na gia bado iko nyuma.

Nilisikia kabla sijaona: chuma kinasaga jiwe. Tezi ilikuwa imerudi ikapita mstari, imekalia kizingiti. Nyuma imekwama juu, na mbele inaendelea kushuka na maji. Ndani ya mashua vitu vikaanza kuporomoka.

"Mama Bryony," Clem akaita, "sahani zote zinakuja kwangu."

Niliacha vizibo nikaanza kukimbia kumwendea mwanangu. Nilitaka nimshike mkono nimvute atoke. Mama yeyote angefanya hivyo, na mashua huzama hivyo hivyo, maana kila hatua niliyokimbia maji yalikuwa bado yanatoka.

"Mama, usije huku." Hakupiga yowe. Alikuwa ameshatoa gia, ameshika reli ya paa, miguu ameitanua kwenye ule mteremko. "Rudi. Shusha vizibo vyote viwili."

"Toka kwanza wewe."

"Baba hawezi kutoka. Shusha vizibo, Mama."

Nikarudi. Nikakiachia cha upande huu kikaanguka, nikavuka juu ya lango, nikakiachia na cha pili. Maji yakatulia. Lakini kule mbele yalikuwa yameshapanda sitaha, yanabisha mlangoni, na Clem ameuziba mlango kwa mgongo na mataulo.

"Sasa nenda lango la juu," Bryony akasema. "Kizibo kimoja, robo tu. Ukikifungua kwa pupa maji yatamwingilia Baba."

Yule bwana wa mbwa alikuwa amepauka. "Nisaidie nini, dada?"

"Usiniulize kitu, bwana. Shika mbwa wako."

Nikafungua robo. Chemba ikaanza kujaa tena, taratibu mno, mpaka tezi ikaguna, ikaachana na jiwe, na mashua ikalala sawa. Zulia limelowa, sahani zimevunjika, Clem amekaa katikati ya makaa na sukari akisema kilichobaki kikavu ni goti lake tu.

Hapo ndipo Bryony alipouachia usukani. "Shika wewe, Mama. Nimeshindwa. Nitakaa na nyinyi."

Nililolitaka majira yote ya baridi hilo hapo, ananipa mwenyewe. Ningeitikia tu, ningelala usingizi mwaka mzima. Nikamtazama alivyosimama, nikajiuliza ni nani aliyemwokoa baba yake.

"Tulisema ufike chini salama," nikamwambia. "Chini hatujafika."

"Nilikaribia kumzamisha Baba."

"Mimi sijalalamika," Clem akasema kutoka dirishani. "Nimelalamikia sahani."

"Sogeza mbele ya mstari, mwanangu. Tunaanza upya."

Akafuta mikono kwenye suruali, akashika usukani. Safari hii hakumtazama mtu mpaka mashua ilipotoka langoni. Alitufikisha chini.

Kwa hiyo, kina mama: mwenye usukani asizungumze na watu chemba ikiwa inashuka, hata akionekana hana adabu. Nawe wa nchi kavu usiondoke kwenye vizibo. Likitokea la kutokea, usimkimbilie mtoto, kimbilia vizibo.

Kesho Bryony anaondoka na mashua yake. Hofu ninayo, siwezi kuificha. Nimemwokea mkate wa tangawizi, na ameniruhusu nimfungulie chemba ya kwanza. Moja tu, amesema, halafu nirudi nyumbani.