Aliyekuwa Ndani ya Mzunguko

Mara ya kwanza mkaguzi wa leseni alimwangusha mtihani wa udereva kwa sababu ya adabu. Mama Mashuka, kama wenzake wa chumba cha kufulia hospitalini walivyomwita, alikuwa tayari ndani ya mzunguko wa barabara nne. Akaona lori linaingia kwa kasi kutoka pembeni, akakanyaga breki, likapita. Mkaguzi akakunja uso utadhani amelambishwa shubiri.

"Dada, aliye ndani ya mzunguko hampishi anayeingia. Haki ni yako, mbona unaigawa kama pipi? Nenda kajifunze."

Basi akajifunza. Akikunja mashuka, akipanga foronya, midomo ilikuwa ikimcheza: wa ndani hampishi wa nje. Wenzake wakamuuliza kama ameingia dini mpya. Wacheke tu. Gari la kusambaza mashuka lilikuwa halina dereva, na msimamizi alishamwambia wazi: akileta leseni kabla ya Jumatatu, kazi ni yake, asipoleta, atapewa mwingine. Miaka ya kuinamia mabeseni ya maji ya dawa ilikuwa imemmaliza mgongo na kumchubua vidole. Aliitaka leseni ile kama mgonjwa anavyotaka nafuu.

Ijumaa akarudi kwenye usukani wa gari la shule ya udereva, mkaguzi yule yule ubavuni mwake. Wakafika kwenye mzunguko ule ule. Akasubiri mpaka njia ikawa nyeupe, akaingia. Ndipo likatokea gari kubwa jeusi, vioo giza tupu, linakuja bila dalili ya kupunguza mwendo. Kuna watu wakishanunua gari kubwa huona na barabara imo kwenye bei. Mguu ukamwasha kukanyaga breki. Akamtupia mkaguzi jicho.

"Songa! Haki ni yako."

Akasonga. Kishindo kikawatikisa mpaka meno, mlango wa nyuma ukabonyea ndani.

Akashuka bwana mmoja wa suti, mishipa ya shingo imemsimama. "Nani mwenye kosa hapa?"

Mkaguzi alikuwa ameshatoka nje, anafunga kifungo cha shati. Ukali wote ule wa ndani ya gari sijui aliuacha kwenye kiti.

"Tusamehe sana, mheshimiwa. Ni huyu mwanafunzi. Hajui sheria."

Mama Mashuka alihisi uso unawaka moto. "Si wewe umeniambia nisonge, sasa hivi tu?"

"Dada, hebu nyamaza. Mheshimiwa anaongea."

Mheshimiwa aliongea kweli, matusi matupu, kisha akapanda gari lake akaondoka, na magari mengine yote yakampisha.

Walirudi ofisini, safari hii mkaguzi akiwa kwenye usukani. Mkaguzi alizima injini. Mama Mashuka aliona uchungu wa mtu aliyeibiwa huku ameshikwa mkono.

"Umeanguka, dada. Nikikupasisha leo, mimi ndiye nitakayeulizwa. Lakini usijali, njoo mwezi ujao nikupe leseni yako. Hata barabarani hatutaenda."

"Mwezi ujao," akarudia. Jumatatu ilikuwa siku tatu tu mbele. "Hutaki hata kuniona nikiendesha?"

"Aa, kuendesha unajua," mkaguzi akasema, akifungua mlango. "Ulikuwa unajua tangu siku ile ulipolipisha lori."