Tela, Nguzo na Mtoto wa Pili

Mkasi wa fundi hausafiri. Hiyo ilikuwa sheria ya mama wa nyumba ile, mshonaji wa nguo kwa miaka kumi na tisa, na aliishika kuliko wengi wanavyoshika ahadi zao. Mkasi wake mkubwa wa kukatia ulikuwa na msumari wake ukutani, kulia mwa mlango wa chumba cha kushonea. Akienda harusini, mkasi ulibaki. Akienda msibani, mkasi ulibaki. Lakini asubuhi ile ya Ijumaa, mumewe na binti yake wakipakia tela kwa safari ya kupiga kambi kando ya ziwa hadi Jumapili, aliutungua mkasi, akauviringisha ndani ya taulo na kuuzamisha chini kabisa ya begi lake, pamoja na nguo za wiki tatu. Dada yake alikuwa ameshaambiwa atandike kitanda. Safari ikiisha, angekwenda kwake.

Sababu ilikuwa neno moja tu. Jumanne jioni alikuwa amempelekea mumewe chai nyuma ya nyumba, alikokuwa akipaka grisi magurudumu ya tela. Mume alikuwa amempa mgongo, simu sikioni, akiongea na dereva mwenzake.

"Ndiyo, mtoto," alikuwa akisema. "Daktari mwenyewe kathibitisha. Kakua, si wa kuficha tena. Hapana, mama watoto hajui. Nikimwambia sasa, safari imekufa. Nitamwambia tukirudi."

Chai ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Mama aliimwaga, akaosha kikombe mara mbili, akakaa kwenye cherehani bila kuikanyaga.

Ili kuelewa kilichomchoma, lazima ujue habari ya jina lile. Mtoto wao alikuwa mmoja, binti wa miaka kumi na minne waliyemwita Wakili kwa sababu hajawahi kutumwa chumvi bila kukata rufaa. Alipozaliwa, baba alianza kumwita mkewe "mama watoto", kwa wingi, akiamini wengine wako njiani. Hawakuja. Miaka ikapita, hospitali mbili zikapita, na mwishowe wakaacha kuhesabu miezi. Lakini wingi ule ulibaki mdomoni mwa baba, kama kiti ambacho hakuna anayekikalia wala anayethubutu kukiondoa. Mama alikuwa ameuzoea. Sasa ulimuuma upya, maana watoto walikuwa wametimia wawili bila yeye.

Mume mwenyewe wenzake walimwita Kioo. Miaka ishirini na miwili kwenye malori, na kila alipoingiza lori ghalani kinyumenyume alitazama vioo vyake tu, hakuhitaji mtu wa kumpigia kelele za njoo, njoo. Tela alilijenga mwenyewe kwa miezi minane: chasisi kuukuu, mabati, vitanda vitatu na meza ya kukunja. Turubai la juu alilishona mama, vipande saba, mshono wa kurudia. Mtu wa sifa hizo akilivuta tela kutoka uwanjani kwake, ungetarajia atoke kama uzi kwenye tundu la sindano. Hakutoka hivyo. Tela liligonga nguzo ya kushoto ya geti, likajichubua rangi urefu wa mkono mzima.

Kioo alishuka, akaitazama nguzo kwa muda.

"Hii nguzo imesogea," akasema.

"Imesogea lini?" Wakili akauliza. "Nauliza kwa ajili ya kumbukumbu za mahakama."

Mama hakucheka. Moyoni alisema, dhamira inamsuta huyu. Mwanamume mwenye nyumba mbili atashikaje usukani mmoja?

Njiani mambo hayakuwa bora. Walikuwa na mwendo wa saa nne, barabara nzuri, magari machache, na bado gurudumu la kushoto la tela lilipata nafasi ya kutumbukia mtaroni. Walipofungua mlango wa nyuma walikuta trei ya mayai imejimwaga juu ya magodoro. Yalinusurika mayai manne, na yote manne yalikuwa na nyufa. Baba alijaribu mzaha, akasema chakula cha jioni kimejipika nusu. Wakili alicheka kidogo kwa huruma. Mama alifuta magodoro, akijiuliza kama yule mtoto ni wa kike au wa kiume, na kama ana masikio ya baba yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo hawakuwa mafundi wa nguo, lakini walijua. Alikuwa amemshonea mtu huyu kila shati alilovaa. Alijua bega lipi limeshuka na mkono upi mrefu. Kwa siku tatu hizi alikuwa akimtazama akila, akinawa, akifunga kamba za viatu, na hakuona mahali ambapo uongo ungekaa. Hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi. Angemwona ana hila usoni, angemchukia, mambo yakawa mepesi.

Kambini walipokewa na msimamizi, mtu mnene wa maneno machache. Aliwaonyesha kiwanja chao, kati ya bomba la maji na meza ya mawe. Tela lilitakiwa liingie kinyumenyume. Hapo Kioo alifanya jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona katika ndoa yao yote. Alishusha kioo cha gari, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama watoto, shuka uniangalizie."

Alishuka, akasimama upande wa bomba. "Njoo," akasema. "Njoo. Njoo." Mdomo ulikuwa kwenye kazi, macho hayakuwepo. Alikuwa akiutazama uso wa mumewe ndani ya kioo cha pembeni, akiutafutia humo uso wa mtoto mwingine. Alipokumbuka kusema "basi", bomba lilikuwa limekwisha kulala chini, na maji yanaruka juu kuliko turubai.

Msimamizi alikuja bila haraka, akafunga maji, akawatazama wote watatu wakitiririka.

"Si wewe wa kwanza," alimwambia Kioo. "Mwaka jana alinigongea mwingine. Lakini yule alikuwa anajifunza."

Walihamishwa kiwanja, wakaanika magodoro, wakawasha jiko. Jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa, na nguo zao zilikauka zikiwa mwilini. Baba alichukua birika awamiminie chai, kama mtu anayetaka kusamehewa. Chai ilimiminika vizuri kabisa, ila kikombe kilikuwa pembeni kidogo. Wote watatu waliitazama ikitambaa juu ya meza.

Wakili alisimama. "Naomba kuwasilisha ushahidi," alisema. "Nguzo, kushoto. Mtaro, kushoto. Bomba, kushoto. Na kikombe hicho je?"

"Nenda kachote maji," mama akasema.

"Bomba limekatika."

"Basi nenda ukaangalie linavyotengenezwa."

Wakili alikwenda hadi nyuma ya tela, akaona panatosha. Mama alivuta sanduku la vyombo, akakaa mbele ya mumewe. Alikuwa amepanga kuyasema haya siku ya kurudi, mkono ukiwa kwenye begi, lakini maneno yalikuwa yamemfika kooni.

"Nilikusikia Jumanne," alisema. "Unaongea habari za mtoto."

Baba aliweka birika chini. Mabega yalimshuka yote mawili. "Kumbe umejua."

"Nimejua. Ana muda gani?"

"Daktari anasema miaka miwili, inakaribia mitatu. Mwanzoni alikuwa mdogo, nikampuuza."

"Ukampuuza."

"Nilidhani ataondoka mwenyewe."

Mama alijikaza kisabuni. "Na sasa?"

"Sasa kakomaa. Hana dawa, ni wa kutolewa tu. Wanasema ni nusu saa, wala husikii maumivu."

Mama alinyanyuka. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, hili hakuwa nalo. "Wewe ni mtu wa aina gani?" alisema polepole. "Mtoto wa miaka mitatu unamtoaje? Umewahi hata kumwona?"

"Nitamwonaje, mama watoto? Yeye ndiye anayenizuia kuona."

"Yuko wapi?"

Baba aliinua kidole, akagusa chini ya jicho lake la kushoto. "Si huyu hapa. Mtoto wa jicho."

Mama alimtazama. Alisogea karibu, akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye jua kama anavyokagua kitambaa chenye kasoro. Na kweli, katikati ya mboni, ukungu ulikuwa umetanda, mweupe. Miaka mitatu alikuwa akimpima mabega huyu mtu, hakumtazama machoni. Alikaa tena kwenye sanduku. Alianza kucheka, na kabla kicheko hakijaisha kikawa kilio, akajifuta kwa shati la mumewe lililokuwa likianikwa.

"Kwani mama alidhani mtoto gani?" sauti ya Wakili ikauliza nyuma ya tela.

Baba hakuwa mjinga, alikuwa mzito tu wa kuelewa, na sasa alielewa. Alimngoja mkewe atulie.

"Mimi mtoto nilimtaka sana," alisema. "Lakini nilimtaka na wewe. Sikumtaka hivihivi."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Furaha ilimjaa, akaiachia imjae kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha hasira ikashika zamu.

"Afadhali angekuwa mtoto wa nje," alisema. "Yule hagongi nguzo. Umetubeba saa nne, mimi na mwanangu, kwa jicho moja?"

"Nimekosa."

"Na lori? Lori la watu unaliendeshaje?"

"Njia fupi tu, mwezi huu. Yule mwenzangu ananifuata nyuma." Alikuwa akiongea na meza. "Wakijua kazini wataniweka pembeni. Dereva asiyeona si dereva, ni abiria. Nimeshika usukani tangu sijaota ndevu. Sijui hata mtu anakaaje kwenye kiti kile kingine."

"Nitakufundisha," mama alisema. "Nimekikalia miaka kumi na mitano. Na lori hulikanyagi tena mpaka daktari aseme."

Alinyoosha mkono. Baba aliutazama ule mkono, akaingiza wake mfukoni, akatoa funguo za gari. Alizishikilia kidogo kabla ya kuziachia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na bomba la maji, na ashukuru Mungu wake.

Jumamosi yote walimsaidia msimamizi kufunga bomba jipya. Jumapili mama aliendesha. Leseni alikuwa nayo miaka tisa, na aliyemfundisha ni Kioo mwenyewe, ila tangu aipate hakuwahi kumruhusu ashike usukani yeye akiwemo garini. Sasa Kioo alikaa kiti cha abiria akikanyaga breki isiyokuwepo. Kila lori lililowapita alilisalimu kwa kichwa. Mama hakuzidi mwendo wa mtu anayewahi ibada, na mayai matatu waliyobakiza yalifika salama, nyufa zao vilevile.

Kazi ilikuwa getini. Uwanja wao ulikuwa mdogo, tela haliingii ila kinyumenyume. Baba alisimama kwenye nguzo ya kulia.

"Ukitaka liende kushoto, zungusha kulia," alimwambia mkewe. "Linakwenda kinyume na unavyolielekeza. Usibishane nalo. Wakili, kaa kushoto. Mimi na kushoto hatusalimiani."

Mara ya kwanza tela lilikunja shingo. Mara ya tano jirani alitoa kiti nje akatazama vizuri. Baba alimeza maneno mengi siku ile, ilionekana kooni yalivyokuwa yakishuka. Mara ya kumi na moja Wakili alisema "njoo" kwa sauti tulivu, baba akasema "njoo", na tela likapita kati ya nguzo, nafasi ya kiganja kila upande. "Basi," wakasema wote wawili. Jirani alirudisha kiti chake ndani.

Baba ndiye aliyelibeba begi la mama. Alilinyanyua, akalipima mkononi, akaelekea nalo ndani. Mama alitaka kusema lete nitabeba mwenyewe, akachelewa. Alimkuta chumba cha kushonea, begi limekaa chini, na baba amesimama akiutazama msumari mtupu ukutani.

"Mkasi wako hausafiri," baba alisema.

Mama aliingia, akalisogelea begi.

"Niliuona huu msumari tangu Ijumaa, kabla hatujaondoka. Uko kulia mwa mlango. Kulia naona." Alikuwa akisema taratibu, bila lawama. "Nikajua unaniacha. Sikujua kwa nini. Nikaendesha njia nzima nikiwaza nikuambie nini."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa ungenijibu."

Mama aliinama, akafungua begi, akapekua nguo za wiki tatu hadi akaipata taulo. Aliutoa mkasi, akautundika mahali pake, akaugusa kidogo uache kuyumba. Kisha akampigia dada yake simu kumwambia atandue kile kitanda, na akaanza kutafuta kadi ya hospitali ya mumewe, maana kesho ilikuwa Jumatatu na wangeondoka mapema, yeye akiwa kwenye usukani.