Kufuli la Mama Kidoti

Mtaani walimwita Mama Cherehani kwa sababu hakuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake. Alishazoea. Cherehani yenyewe ilikaa chini ya dirisha la chumba cha mbele, na kila alipoinua macho kutoka kwenye kitambaa alikuwa akitazamana na mlango wa jirani, ambaye chumba chake kilishikana na chake kwenye kona ya ua: mbao za kijani zilizobanduka rangi, komeo, na kufuli kubwa kwa nje.

Jirani alikuwa amehamia miezi mitatu nyuma na watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka saba mwenye doa jeusi shavuni, kwa hiyo akaitwa Kidoti na mama yake akawa Mama Kidoti. Wa pili ni wa kiume, hajatimiza hata miaka mitatu, anatembea ametanguliza tumbo kama mkaguzi, basi wakamwita Bosi. Baba yao alikwenda mbali kutafuta kazi, na simu yake haikupatikana tena. Mama Kidoti alifanya kazi kiwandani, kufunga biskuti kwenye maboksi. Alitoka saa kumi na mbili asubuhi, akarudi saa kumi na mbili jioni.

Mwanzoni Mama Cherehani alidhani watoto hupelekwa kwa ndugu. Halafu siku moja, mashine ikiwa imesimama kwa sababu uzi umekatika, akasikia kikohozi upande wa pili wa ukuta. Akatega sikio. Akamsikia Kidoti akimfundisha mdogo wake kuhesabu, kisha akimbembeleza asilie, kisha akilia yeye.

Wiki hiyohiyo mkono mdogo ulitokeza kwenye nondo za dirisha la jirani ukiwa umeshika kikombe cha plastiki. "Shikamoo, mama. Naomba maji, ndoo imeisha." Mama Cherehani alipopeleka maji alisikia harufu ya mafuta ya taa ikitoka ndani. Alimuuliza mtoto nani amewasha jiko. Kidoti akajibu, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, kwamba ni yeye, anampashia Bosi maziwa, na akaeleza jinsi anavyomweka Bosi juu ya kitanda kwanza ili asikaribie.

Moto, mlango uliofungwa kwa nje, na watoto wawili. Siku hiyo Mama Cherehani alilishonea gauni la mteja mikono miwili, yote ya kulia.

Jioni alimfuata Mama Kidoti aliyekuwa akifua uani, akamweleza alichoona, akajitahidi kusema kwa upole. Mwenzake hakuinua kichwa. Alisugua shati mpaka alipomaliza, akalikamua, ndipo akasema, "Wewe unajua kushona. Kulea hujui. Hujazaa."

Mama Cherehani aligeuka akarudi ndani.

Mumewe, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, alimwambia aachane na mambo ya watu. Akasema mambo ya nyumba za watu yakikuingia yanakutoa jasho, na kama mtu anafunga mlango wake kwa kufuli lake, kosa liko wapi? Mwenyekiti wa mtaa naye alisema karibu yaleyale, ila kwa maneno marefu zaidi. Alisifu moyo wake, akamkumbusha ujirani mwema, akasema atalifanyia kazi. Wiki mbili zikapita. Alipomkumbusha, mwenyekiti alimtazama kama mtu anayedaiwa deni asilolikumbuka.

Ndipo akafunga cherehani asubuhi moja akaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa saba. Karani alimpa fomu. Fomu ilitaka majina matatu ya kila mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, jina la babu. Mama Cherehani aliandika Kidoti na Bosi. Karani akairudisha kwa ncha ya kidole, akasema hayo si majina.

Kesho yake alisimama dirishani kwa jirani akamuuliza mtoto anaitwa nani shuleni. Kidoti alisema hajaanza shule. Akauliza jina lake kamili. Mtoto akasita, akasema mama amewakataza kumwambia mtu yeyote chochote dirishani, na akaomba asiseme kwamba amemjibu.

Safari ya pili afisa alikuwa kwenye semina. Safari ya tatu karani mwingine alimwambia mtaa wao, kwa ramani mpya, unahudumiwa na ofisi ya ng'ambo ya barabara kuu. Alivuka barabara kuu. Huko wakamwambia ramani mpya bado haijaanza kutumika. Akavuka tena kurudi, jua la saa nane likimchoma utosini, viatu vimejaa vumbi, na magauni manne ya watu yakimsubiri nyumbani bila mikono. Alipofika dirishani kwa karani, kwenye nafasi ya majina aliandika "hayajulikani", kwenye nafasi ya babu akaandika "halijulikani", akaisukuma fomu mpaka ikagusa kifua cha yule kijana. Akasema hataondoka mpaka aione ikigongwa muhuri. Ikagongwa.

Afisa alikuja baada ya siku kumi na mbili. Lakini alikuja baada ya kumpigia simu mwenyekiti, na mwenyekiti, kwa ujirani mwema ule ule, akampasha habari Mama Kidoti siku mbili kabla. Mama Kidoti akaomba ruhusa kazini. Afisa alikuta chumba kimepigwa deki, Bosi ana soksi safi, jiko limefichwa na mlango uko wazi. Alikunywa soda, akauliza maswali matatu, akaondoka. Kwenye taarifa aliandika kwamba watoto wako katika hali nzuri na kwamba mlalamikaji ashauriwe kuhusu uchochezi.

Jumatatu yake Mama Kidoti alipigilia ubao kwenye lile dirisha. Alipigilia misumari polepole, mmojammoja, huku Mama Cherehani akitazama kutoka kwenye mashine yake. Sasa chumba kilikuwa na kufuli na giza pia, na kikombe hakikuwa na pa kupitia. Hilo ndilo lililomkosesha raha kuliko yote. Kabla hajashtaki, watoto wale walikuwa angalau na dirisha.

Mumewe hakusema "si nilikwambia", lakini alikula huku akitikisa kichwa, na kutikisa kwenyewe kulitosha.

Mama Cherehani alikuwa na daftari la vipimo, kifua, kiuno na urefu wa kila mteja. Akaligeuza, akaanza kuandika upande wa nyuma. Jumanne, kufuli limefungwa saa kumi na mbili kasoro, limefunguliwa saa moja jioni. Jumatano, mdogo amelia tangu saa nne hadi saa tano na nusu. Alhamisi, harufu ya mafuta mara mbili. Ijumaa, dada amepiga ukuta, nikapiga, akapiga tena. Aliandika siku kumi na nane bila kuruka hata moja.

Siku ya kumi na tisa alipita mbele ya karani bila salamu, akafungua mlango wa mkuu wa ofisi. Mkuu alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, majalada yamemzunguka kila upande. Mama Cherehani akaweka daftari juu ya jalada alilokuwa akisoma. Mkuu alikasirika kwanza, kisha akasoma, kisha akarudi mwanzo akasoma tena.

"Kwa nini hukuleta hii tangu mwanzo?"

"Hamkuniuliza, dada. Mliniuliza jina la babu."

Mkuu alivua miwani. Hakumwita karani, hakumpigia simu mwenyekiti. Alichukua mkoba wake, akampitia askari mmoja wa kike kituoni, na saa nne asubuhi ileile walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa kijani.

Walibisha. Kimya. Waliita kwa upole. Kimya, kwa sababu Kidoti alikuwa mtoto mtiifu. Ikabidi Mama Cherehani mwenyewe aegemee ukuta wake kwa ndani na kugonga, na ule mkono mdogo ukamjibu. Askari akauliza nani anaweza kukata chuma. Basi mume, yule wa kutotaka mambo ya watu, akaja na mashine yake ya kukatia, cheche zikaruka, kufuli likaanguka. Aliinama akachungulia ndani, akazima mashine, akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake kwa muda mrefu.

Watoto walikuwa wamekaa kitandani. Ndoo ya maji na ndoo ya haja zilikuwa zimekaa bega kwa bega. Kwenye mkono wa Bosi kulikuwa na kidonda cha moto cha siku nyingi kidogo, kimefungwa kitambaa kwa fundo la mkono wa mtoto. Kidoti aliuliza kama mama atamgombeza.

Mama Kidoti aliletwa kutoka kiwandani akiwa bado na kofia ya plastiki kichwani. Kila mtu alingoja apige kelele. Hakupiga. Aliketi kizingitini, akasikiliza yote aliyoambiwa, akaitikia "ndiyo" kila alipotakiwa. Halafu akamgeukia jirani yake.

"Uliniambia nisiwafungie. Hukuniambia utakaa nao."

Mama Cherehani alifungua mdomo. Siku kumi na nane ameandika, benchi amekaa, barabara kuu amevuka mara mbili, na neno hilo moja halikuwahi kumjia. Alitaka kusema kwamba angekubali. Hakuwa na hakika kama lingekuwa kweli siku ile ya kufua, baada ya lile neno la kutozaa.

Watoto hawakuchukuliwa. Mama Kidoti alionywa kwa maandishi, Kidoti akaandikishwa shule ya karibu, na Bosi akapewa nafasi kwenye kituo cha kulelea watoto. Afisa alikuja kukagua mara mbili, mara ya tatu hakuja. Mama Cherehani alikwenda kuuliza kwa nini, akaambiwa jalada limefungwa kwa mafanikio.

Mafanikio. Miezi minne na ushee, na kilichokuwa kimehitajika ni mtu kuja saa nne asubuhi bila kupiga simu.

Mama Kidoti hamsalimii mpaka leo. Sare ya shule hakumpa yeye aishone, alimpelekea fundi wa mtaa wa pili, na kila asubuhi Kidoti anapopita mbele ya dirisha akimvuta Bosi mkono, Mama Cherehani huona upindo wa sketi ile ulivyopinda, upande mmoja umeshuka vidole viwili. Ni kazi ya dakika kumi. Mtoto humtazama kwa jicho la pembeni, hutabasamu haraka, kisha huendelea na safari.

Naye hukanyaga cherehani, kwa nguvu kuliko inavyohitajika.