Wanaobaki Lundo

Siku gari la chuo lilipokuja kuwachukua wanafunzi, Kunigunda alikuwa ufukweni anageuza dagaa kwenye chanja. Jua la Lundo lilikuwa limeshakuwa kali, na dagaa wakiachwa walale upande mmoja hujikunja wakakosa mnunuzi. Alimaliza chanja ya mwisho, akanawa mikono ziwani, akapanda njia ya kwenda ofisi ya kata akiwa bado ananuka samaki. Avelina alimkumbatia hivyo hivyo.

"Mama, nitapiga simu."

"Piga ya baba yako Mansuetus. Yangu haikai na chaji."

Avelina alikuwa binti wa wakulima wa kahawa wa Ukata, mwanafunzi wa uhandisi wa maji aliyepangiwa kwa Kunigunda. Chuo chake kilikuwa na tawi Mbinga mjini, na kilikuwa kimetiliana saini na halmashauri za milimani na za ziwani kwamba kila mwaka wanafunzi watakwenda kuishi kwenye kaya za wananchi, wajifunze kwa vitendo, na wakiwa huko wasaidie kuleta maendeleo. Watu waliupenda mpango huo. Wanafunzi walikuwa na adabu, walikula walichopikiwa, na kazi walifanya kweli. Shida ilikuwa kalenda. Wiki nane zikiisha gari linakuja, kazi iwe imefika wapi.

Ndiyo maana Lundo ilijaa vitu vilivyoanzwa. Kulikuwa na bwawa la samaki ambalo halikuwahi kuona samaki, na bata wa jirani yao Otilia walikuwa wamelifanya lao. Kulikuwa na tanuri la kukaushia dagaa lenye mlango mzuri na ukuta mmoja. Na sasa kulikuwa na mtaro wa bomba la maji, uliotoka kwenye chanzo kule mlimani, ukateremka vizuri kabisa mpaka kwenye shamba la mihogo la Mansuetus, mume wa Kunigunda, ukaishia hapo.

Gari likaondoka. Avelina alikuwa kiti cha nyuma, analia huku anapunga mkono. Kunigunda alisimama mpaka vumbi likatulia kwenye barabara ya Mbamba Bay, kisha akarudi nyumbani. Akamkuta Avelina jikoni, amechutama, anasugua sufuria kwa majivu.

"Umebaki?" aliuliza Kunigunda.

"Nimebaki, mama."

"Na yule aliyepanda gari?"

"Naye ni mimi. Ana mitihani."

Kunigunda aliona jibu hilo linatosha. Akamwambia asisahau mfuniko, akaingia ndani kubadili kanga.

Jioni ile Mansuetus alirudi kutoka mazoezi ya kwaya, akaona sahani tatu mezani, akavuta kiti chake. Jumapili paroko aliulizwa ushauri, akasema aliyekwisha kubatizwa habatizwi tena, na akampa komunyo kama wengine. Mama mzazi wa Avelina kule Ukata alipopigiwa simu alisema afadhali, maana kahawa inakaribia kuiva na huyu mmoja aliyeko chuoni hata likizo hapewi. Basi msimu wa kuchuma ulipofika, Avelina wa Lundo alipanda Ukata, akachuma, akarudi na ndoo ya maharage.

Kazi yake ilikuwa bomba. Kila asubuhi alichukua jembe na sururu, akaenda shambani kwa Mansuetus pale mtaro ulipoishia, akaendelea. Mwanzoni alichimba peke yake. Baadaye akina mama wakamfuata, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakichota maji ziwani kwa macho mawili, jicho moja kwenye ndoo na jingine kwa mamba wa mdomoni mwa mto. Baada ya akina mama wakaja wanaume, kwa aibu. Mvua za masika zilipoanza, kilula cha kwanza, bomba la kuchotea maji la watu wote, kikatoa maji karibu na shule. Yalitoka na matope, yakakohoa, yakawa meupe. Kunigunda alikinga kiganja, akanywa, akasema yana ladha ya mlima. Mtoto wake wa kumzaa alikuwa akifanya kazi Makambako na hupiga simu sikukuu hadi sikukuu. Nyumba yake ilikuwa imekaa kimya muda mrefu. Sasa kulikuwa na mtu wa kugombana naye kuhusu chumvi.

Mwaka uliofuata wanafunzi wengine walikuja, na gari lilipowachukua, kijana mmoja aitwaye Leopold alionekana kesho yake anapanga matofali kwenye tanuri la dagaa, akiwa na shati lile lile aliloondoka nalo. Otilia alimchukua kwake. Si wote waliobaki. Walibaki wale ambao gari liliwakuta na kazi mkononi, na kwa kuwa gari liliwakuta wengi hivyo, Lundo ilianza kuwa na watu wa kutosha wa kurekebisha mambo.

Dokta Erasmo, mhadhiri aliyesimamia mafunzo hayo, alikuja kufanya tathmini. Alikuwa mtu mwema, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikagua kilula, akasifu mfereji wa kuondolea maji, kisha akamwona Avelina akishuka na spana.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Avelina. Nimekuacha Mbinga juzi, unaandika ripoti."

"Naendelea nayo, Dokta."

"Vizuri." Alimgeukia Kunigunda, akapunguza sauti. "Tatizo ni kwamba hawa wa huku hawamo kwenye usajili. Siwezi kuwapa alama."

"Yeye hajaomba alama," alisema Kunigunda. "Anaomba viungio vya bomba."

Dokta Erasmo alisema viungio vilikuwa kwenye bajeti ya awamu iliyopita. Akala samaki mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo, akashukuru sana, akaondoka na gari.

Miaka ikapita. Avelina wa chuoni alihitimu. Picha ilikuja kwenye simu ya Mansuetus: joho jeusi, kofia, tabasamu. Avelina wa Lundo aliitazama akiwa na udongo mpaka kwenye nyusi, akasema, "Nimependeza," akarudi mtaroni. Kilikuwa kimebaki kitongoji cha juu tu, ambako bomba lilipaswa kuvuka bonde.

Halafu, mchana mmoja wa kiangazi, mtu alibisha hodi mlangoni kwa Kunigunda. Alikuwa Avelina, amevaa viatu vya mjini, amebeba begi na bahasha ya vyeti kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mwenzio yuko bondeni."

Alimpa maji, akamtazama anavyokunywa. Msichana alikuwa amekonda. Shingo yake ilikuwa ikionyesha mifupa ambayo kwa yule wa bondeni haikuonekana. Kunigunda aliinjika maji ya ugali.

"Nimezunguka, mama," alisema Avelina wa vyeti. "Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro. Kila usaili wananiuliza nina uzoefu gani. Nafungua mdomo, hakuna kitu. Uzoefu wangu uko huku."

"Uko huku," alikubali Kunigunda.

"Nimekuja kumchukua."

Unga ulikuwa umeshaingia kwenye maji. Kunigunda aliendelea kusonga, lakini mwiko ulikuwa mzito kama umekwama kwenye tope, na akajikuta anasonga ugali ambao ulikuwa umeiva zamani.

Yule mwingine alirudi alasiri. Walisimama uani wakatazamana.

"Umekonda," alisema wa Lundo.

"Na wewe umeungua jua."

"Kule kwetu wanasemaje?"

"Mama anasema ulivunja mpini wa jembe, ukaondoka bila kusema."

"Ulikuwa umeoza."

Walikula. Mansuetus aliongea habari za kwaya kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuongea. Mwisho wa chakula yule wa vyeti akasema lililomleta. Yule wa Lundo alifikiri huku akichambua mwiba.

"Siwezi kuondoka kabla ya kitongoji cha juu. Wanawake wa kule bado wanashuka ziwani."

"Itachukua muda gani?"

"Tukiwa wawili, si mrefu."

Asubuhi yake yule wa vyeti alivua viatu vya mjini, akajifunga kanga ya Kunigunda, wakaenda pamoja. Walivuka bonde kwa mabomba ya chuma yaliyotolewa na parokia. Mmoja alikokotoa mteremko, mwingine akakumbuka mawe yako wapi. Walibishana sana, na kwa kuwa sauti ilikuwa moja, aliyekuwa mbali alidhani mtu anajisemea. Maji yalipofika kitongoji cha juu, bibi mmoja mzee wa kule aliweka ndoo chini ya kilula, akakaa chini kando yake, akaisikiliza ikijaa. Alikataa kusaidiwa kuibeba mpaka ifurike kwanza.

Kuanzia siku hiyo Kunigunda alikuwa akisubiri. Kila asubuhi alihesabu vikombe vya chai mezani, akitegemea kukuta kimoja kimekaa bure. Siku moja akashindwa kuvumilia.

"Mnaondoka lini?" aliwauliza. "Semeni tu, nijue."

Wasichana walitazamana.

"Tulijaribu kurudi kuwa mmoja," alisema mmoja wao. "Jana, pale kwenye tangi."

"Ikawaje?"

"Hatukuenea."

Kunigunda aliitikia kwa kichwa, akaenda nyuma ya nyumba, akalia kidogo kwa furaha, akarudi na kuni.

Nafasi ya kazi ilipotangazwa Mbamba Bay, fundi wa maji wa wilaya, walikwenda wote wawili. Walipewa viti viwili. Wakubwa walipouliza kuhusu vyeti, mmoja alijibu. Walipouliza kuhusu uzoefu, akajibu mwingine. Mwenyekiti wa usaili aliwasikiliza kwa makini mpaka mwisho, akasema ni mwombaji bora kuliko wote waliokuja, ila nafasi ni moja na mshahara ni mmoja. Wakajibu kwamba jina pia ni moja. Basi akaajiriwa. Wiki hii mmoja hukaa mezani Mbamba Bay na mwingine hupita kwenye mabomba, wiki ijayo wanabadilishana, na wanaishi kwa mshahara wa mtu mmoja kama watu wawili. Leopold wa Otilia hakupata bahati hiyo. Yule mwenye cheti chake aliingia biashara ya simu huko Mbeya, hakurudi, na Leopold akaendelea kuendesha tanuri la dagaa kwa chakula na shukrani.

Muda wa makubaliano ulipokwisha, chuo na halmashauri walikutana Mbinga kutia saini mengine. Kunigunda alialikwa kuwakilisha kaya. Walikunywa kahawa ya Mbinga yenyewe, kwaya ikaimba, ikasomwa taarifa ya mafanikio: maji, tanuri, hata bwawa sasa lilikuwa na samaki. Dokta Erasmo, ambaye sasa miwani yake ilikuwa mipya, aliuliza kama wananchi wana neno.

Kunigunda alisimama. "Watoto wenu tunawapenda. Tunaomba kitu kimoja. Wakae mpaka wamalize kazi."

Dokta Erasmo alieleza, kwa upole na kwa kirefu, kuhusu kalenda ya chuo. Kalenda ilitoka juu. Wiki zingebaki nane.

"Basi," alisema Kunigunda, "wanaobaki wamekuwa wengi. Wanalala chini."

Hilo walilielewa mara moja. Likaongezwa kwenye makubaliano palepale, likapigiwa makofi, na kabla ya mvua lori lilishuka Lundo limejaa vitanda vya chuma vya deka, vipya, vyenye magodoro bado yamefungwa nailoni. Mansuetus aliunga viwili kwenye chumba cha nje, akaimba huku anakaza nati. Avelina na Avelina waligombea cha juu mpaka Kunigunda akawatishia fimbo, na kitanda cha pili kikawekwa sebuleni, dirishani.

Wanafunzi wapya walifika siku ya soko. Aliyepangiwa kwa Kunigunda alikuwa kijana mpole wa kilimo, aliyetaka kuanzisha kitalu cha miche ya matunda.

"Shikamoo, mama. Mimi ni wa wiki nane tu."

"Marahaba. Najua, mwanangu. Chagua, cha juu au cha chini."

Kijana alichagua cha chini. Kisha akakunjua shuka la pili, akapanda, akatandika na cha juu, taratibu, akanyoosha pembe zote nne. Kunigunda alimwachia mto wa ziada, akaenda kuongeza unga kwenye sufuria.