Chujio la Ta Cleophace

Vero aliileta mashine kwenye karakana yangu ya Kayanga siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi, ikiwa imefungwa kwa kamba za katani juu ya guta. Hakunisalimia kwanza. Aliishusha, akaisimamisha mbele ya meza yangu, akapangusa mikono.

"Agnetha, una siku mbili," alisema. "Ijumaa mchana Nolasco anakuja kuichukua. Ukiniponyea kabla ya hapo, inabaki. Ukishindwa, ninaiuza, ninarudi kuuza vitenge sokoni, na habari ya mazulia imekwisha."

"Nolasco yupi?"

"Mfanyabiashara wa Muleba. Yule anayenunua kila kitu kilichochoka."

"Basi asipite karibu na mimi."

Vero alikataa kucheka. Nilimfahamu tangu shule ya msingi, na nilijua kwamba anapokataa kucheka, mambo yamemfika shingoni. Kazi ya kusafisha mazulia aliianzisha mwenyewe, miaka miwili iliyopita, wakati watu walipomwambia kwamba Karagwe hakuna mazulia ya kutosha. Alithibitisha kwamba yapo: kwenye nyumba za wageni, kwenye ofisi, makanisani, na katika sebule za watu ambao hawakuwa wamewahi kuona maji yanayotoka ndani ya zulia lao. Mashine ilikuwa moja tu. Ikifa, na kazi imekufa.

Mashine hiyo ina matenki mawili. Tenki la kwanza hubeba maji safi yenye sabuni. Pampu ndogo huyavuta maji hayo na kuyarusha kwenye zulia kupitia nozeli. Papo hapo mota kubwa huyanyonya maji pamoja na uchafu na kuyapeleka kwenye tenki la pili. Maji safi na maji machafu hayakutani kamwe ndani ya mashine. Jambo hili ni muhimu, na ndilo lililonisaidia.

Chuoni tulifundishwa hatua nne: uliza, sikiliza, tazama, fungua. Fundi mvivu huanza na ya nne.

"Ilianzaje?" niliuliza.

"Kama mara zote. Inanyonya vizuri, lakini hairushi maji. Pampu hii ni ya tatu. Kila moja inakaa mwezi, halafu inakufa. Fundi aliyekuja mara ya kwanza alibadilisha pampu akaondoka. Mara ya pili alibadilisha pampu akaondoka."

"Aliuliza chochote?"

"Aliuliza kama kuna chai."

Niliiwasha. Mota ya kunyonya ilinguruma kama kawaida. Pampu nayo ilizunguka, lakini mlio wake ulikuwa mwepesi, mlio wa kitu kinachofanya kazi bila mzigo. Nozeli ilidondosha matone mawili, ikanyamaza. Pampu haikuwa imeungua. Ilikuwa inazunguka bure.

Nilichomoa waya wa umeme, nikafungua pampu. Ndani yake mna vali mbili za mpira, kila moja ndogo kuliko kifungo cha shati. Zinapaswa kufunga kabisa ili maji yasirudi nyuma. Chini ya vali ya kwanza niliona kitu chembamba chenye rangi ya manjano. Nilikitoa kwa kibano, nikakiweka juu ya karatasi nyeupe. Kilifuata kingine, na kingine. Nilipomaliza vali zote mbili, karatasi ilikuwa na vipande kumi na moja.

"Nyuzi za zulia," Vero alisema.

"Nyuzi za zulia huenda kwenye tenki la maji machafu. Pampu hii inavuta maji safi. Haijawahi kukutana na zulia."

Niliingiza mkono ndani ya tenki la maji safi, nikapapasa mahali ambapo mpira wa pampu huanzia. Hapo panapaswa kuwa na chujio dogo.

"Vero, chujio liko wapi?"

Alitazama chini. "Nililitoa."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa linaziba kila baada ya siku mbili. Nikaona ni bovu."

"Chujio linaloziba si bovu. Linafanya kazi yake."

 Nilijuta kulisema kwa haraka namna ile, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Na maji unayatoa wapi?"

"Nyumbani, Ihembe. Ni maji ya mvua, tena baba anayaandaa mwenyewe kila asubuhi. Maji hayo ni safi kuliko ya bomba lako."

"Anayaandaaje?"

"Anayasafisha. Nikiamka nakuta madumu yamejaa."

Nilisafisha vali, nikafunga pampu, nikajaza tenki kwa maji ya bomba. Nozeli ilirusha maji yakafunguka kama kipepeo. Vero alipiga makofi, akaanza kuokota kamba zake.

"Bado," nilisema.

"Inafanya kazi!"

"Hata mwezi uliopita ilifanya kazi. Kesho nitakuja Ihembe."

*

Alhamisi alfajiri nilipanda bodaboda. Nilifika wakati umande bado umekaa kwenye migomba. Vero alinipokea uani, akaninong'oneza: "Mwenyewe yuko nyuma. Msalimie vizuri, amevaa kofia ya sherehe kwa ajili yako."

Ta Cleophace, yaani Mzee Cleophace, baba yake Vero, alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, lakini hakujulikana kwa kahawa. Alijulikana kwa juisi ya ndizi. Harusi ya Ihembe isiyokuwa na juisi yake ilihesabiwa kuwa kikao cha kawaida. Ndizi mbivu aliziponda pamoja na nyasi ndefu ndani ya mtumbwi wa kukamulia, kisha juisi aliipitisha kwenye kishada cha nyasi kilichobanwa ndani ya kibuyu kilichokatwa kitako. Ilitoka nyororo, na kila mtu aliinywa bila kuuliza.

"Shikamoo, Ta Cleophace."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Nilidhani fundi ana ndevu."

"Nilizinyoa asubuhi, waitu," nilijibu, kwa neno la heshima la Kihaya.

Alicheka, na mimi nikaanza kuogopa. Mbele yake palikuwa na pipa la maji ya mvua, dumu la lita ishirini, na kibuyu kilichokatwa kitako kikiwa juu ya dumu. Ndani ya kibuyu mlikuwa na kishada cha nyasi mpya, kilichobanwa kwa ustadi. Maji yalikuwa yanapita humo polepole kuelekea kwenye dumu.

"Mwanangu anafanya kazi kwenye nyumba za watu wenye heshima," alisema. "Siwezi kumpa maji yenye takataka za paa. Kila siku ninakata nyasi mpya. Za jana hazitumiki leo."

Nilisimama pale nikiwa na jibu, lakini sikuwa na mdomo wa kulitolea. Mzee huyu aliamka kila siku kabla ya jua, akaenda bondeni kukata nyasi kwa ajili ya mashine ya binti yake. Pampu mbili zilikuwa zimekufa kwa sababu ya upendo huo. Na mimi nilifundishwa nyumbani kwamba mtu mzima hasahihishwi katika ua wake.

Lakini siku zilikuwa mbili, na moja ilikuwa imekwisha.

"Ta Cleophace, naomba kitambaa cheupe," nilisema. "Na naomba unisaidie kumimina maji. Mikono yangu inatetemeka kwa baridi."

Vero alileta kitambaa. Nilikishika kwa pembe zake juu ya beseni. Mzee aliinua dumu lililokwisha kuchujwa, akamimina taratibu. Maji yalipita. Kitambaa kilibaki na unyevu, na juu yake zikabaki nyuzi nyembamba za manjano, pamoja na mbegu ndogo za nyasi kama vumbi.

Nilitoa mfukoni karatasi ya jana, nikaikunjua kando ya kitambaa. 

Mzee aliinama. Alichukua kipande kutoka kwenye kitambaa, akakisugua kwa vidole. Akachukua kingine kutoka kwenye karatasi, akafanya vilevile.

"Hizi ulizitoa wapi?"

"Ndani ya pampu."

Alikaa juu ya kigoda. 

"Miaka arobaini," alisema hatimaye, "hakuna aliyelalamika."

"Koo la mtu lina nafasi, waitu. Vali ya pampu haina."

"Kwa hiyo pampu tatu ni mimi."

"Mbili. Ya tatu tumeiwahi."

"Baba, na mimi nilitoa chujio," Vero alisema haraka. "Lingekuwepo, nyasi zisingefika."

"Ulilitoa kwa sababu liliziba. Liliziba kwa sababu yangu. Usinigawie kosa vipande vipande kama nyama ya sherehe, mama. Nitalila lote."

Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Vero alinitazama kwa macho makali.

"Umemvunja," alisema.

"Ulitaka niseme ni panya?"

"Ungesema polepole."

"Sikusema kabisa. Yeye ndiye aliyesema."

Tulisubiri. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kuombea msamaha wakati mlango ulipofunguka. Ta Cleophace alitoka bila kofia ya sherehe, akiwa na shati jeupe mkononi.

"Shati la kanisani," alisema. "Kola imekwisha, lakini mgongo ni mzima. Fundi, upande upi unachuja vizuri?"

Nilishika shati, nikalinyoosha kwenye mwanga. Lilikuwa la pamba nzito, iliyofumwa kwa karibu. "Huu huu wa mgongo," nilisema. "Ukikunjwa mara mbili."

Alikata mwenyewe kwa kisu, akang'oa nyasi, akaufunga mgongo wa shati kwenye mdomo wa kibuyu kwa kamba ya mgomba, akakaza kama anavyokaza vishada vyake. Maji ya kwanza aliyajaribu juu ya kitambaa cheupe bila kuambiwa. Hayakuacha kitu. Akajaribu tena. Mara ya tatu alinipa mimi nijaribu, maana hakuamini mkono wake.

*

Usiku ule nilikata wavu mwembamba kutoka kwenye chujio la mafuta la pikipiki lililokwisha kutumika, nikauosha kwa sabuni mara nne, nikatengeneza chujio jipya la tenki. Ijumaa saa tatu tulikuwa kanisani Kanoni. Jumapili askofu angefika kutoa kipaimara, na zulia la madhabahuni lilikuwa na nta ya mishumaa, matope, na rangi ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Ta Cleophace alikuja na madumu sita. Aliketi kwenye benchi la mbele, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Vero aliwasha. Maji yalirushwa, yakanyonywa, na nyuma ya mkono wake pakabaki mstari mwekundu mpana kama ubao. Kwa hiyo zulia lilikuwa jekundu. Mama Joviana, mlezi wa kwaya, alisimama mlangoni na ufagio wake, akasahau kufagia.

Tulikuwa tumemaliza nusu Nolasco alipoingia. Alikuwa ameelekezwa huku, tena amewahi. Gari lake dogo la mizigo lilikuwa nje, kamba zikiwa tayari.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele amina," tulijibu.

"Naona mgonjwa ameamka. Huwa wanaamka hivyo siku ya mwisho." Alikaa karibu na Ta Cleophace. "Mzee, mwambie binti yako, chombo kilichokufa mara mbili hakina aibu kufa mara ya tatu."

 Na wakati huohuo mlio wa mashine ukabadilika. Mota ilipanda sauti ghafla, ikawa nyembamba, na kunyonya kukakoma. Maji yalibaki juu ya zulia.

"Si nilisema?" Nolasco alisimama.

Ta Cleophace alishika benchi kwa mikono miwili. Mimi nilijua kilichotokea. Mguu wangu ulitaka kwenda. Nilijizuia. Nilifunga mikono nyuma, kwa sababu fundi hatakuwepo kila Ijumaa, na Vero alipaswa kuijua mashine yake kwa masikio.

Alinitazama. Nilitazama dirisha.

Vero aliinamisha kichwa, akasikiliza. Akazima. Akafunua kifuniko cha tenki la maji machafu, akachungulia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akacheka.

"Limejaa," alisema. "Boya limepanda likafunga njia ya hewa. Na mimi siku zote nilidhani huo ndio mwanzo wa kufa." Alimgeukia Nolasco. "Ndugu yangu, usisimame bure. Shika upande ule, tukamwage nje."

"Mimi?"

"Ulikuja kubeba mashine au hukuja?"

Nolasco alibeba. Maji yalikuwa meusi kama kahawa iliyochemka tangu jana, na aliyatazama yakimwagika chini ya ukuta kwa muda mrefu. Waliporudi, Vero aliwasha, na mashine ikaendelea kama mtu aliyekunywa maji tu.

Madumu yote sita yalikwisha saa saba. Nilichomoa umeme, nikafungua tenki la maji safi, nikatoa chujio jipya. Ta Cleophace alikuwa ameshafika begani kwangu. Tulitazama pamoja. Wavu ulikuwa safi, isipokuwa uzi mmoja mweupe.

"Shati nalo linazeeka," alisema kwa huzuni.

"Ndiyo maana pana machujio mawili, waitu. La kwako na la kwangu."

Alitafakari jambo hilo, akaonekana kulikubali.

Nolasco alikuwa anakunja kamba zake. "Vero, basi ukichoka nayo, unanipigia."

"Usingoje karibu na simu," Vero alimwambia. "Ila kama Muleba kuna mazulia, nipigie wewe."

Alisema atauliza. Nadhani alisema kweli, kwa maana aliomba namba mara mbili.

Nilipokuwa ninafunga sanduku langu la vifaa, Ta Cleophace aliniletea kidumu kidogo cha juisi ya ndizi. Juu ya povu kilielea kipande kimoja chembamba cha nyasi.

"Hii imepita kwenye nyasi," alisema, akiniangalia kwa makini. "Utaichuja?"

Niliinua kidumu, nikanywa palepale, mbele ya watu wote.